Doa Jeusi Kwenye Sahani ya Vumbi

Tangu asubuhi nilikuwa sikaliki. Nikikaa, nainuka. Nikisimama, nasahau nimeinukia nini. Mama alinipigia simu wee, kuuliza avae gauni lipi, la bluu au lile la harusi ya binamu, na nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia wageni wanakuja kuona sayari, hawaji kuona gauni. Akanikatia simu.

Saa kumi jioni tungemuaga kaka yake, mjomba wangu, mkuu wa maabara yetu ya nyota, aliyekuwa anastaafu. Nyumbani ni Mjomba, kazini ni Mwalimu, na sijawahi kuchanganya, maana wenye midomo hawakosekani. Tangu niajiriwe wanasema nimeingia pale kwa mgongo wa mjomba.

Mzee huyu amezeeka akitafuta kitu kimoja, sayari inayozaliwa. Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi, na humo ndimo sayari zinamojiumba, vumbi likishikana na vumbi. Sayari ikishakua kidogo, inaanza kufagia njia yake na kuacha pengo jeusi. Mwalimu alianza kusaka pengo la namna hiyo mimi nikiwa bado navaa sare za shule ya msingi. Wenzake wa kwingine wakapata, yeye akabaki kuandika pongezi. Iliniuma mimi kuliko ilivyomuuma yeye.

Basi nikampatia. Kuna nyota yetu moja ambayo sahani yake tunaiona kutoka juu, mviringo mtupu kama mfuniko wa sufuria. Karibu na ukingo palikuwa na doa jeusi. Picha ya mwaka juzi lipo, picha ya mwaka huu lipo, palepale. Kwa kawaida pengo la sayari huzunguka sahani nzima, na hili lilikuwa kipande tu, lakini nilikuwa na jibu tayari: sayari yenyewe ni changa mno, ndiyo kwanza inaanza kufagia. Mwalimu alizitazama zile picha moja baada ya nyingine. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mpango ulikuwa nitangaze sayari mbele ya watu wote, kisha yeye akabidhi ufunguo wa ofisi akapumzike.

Saa nane mchana nilikuwa nasafisha zile picha mbili ili zibadilishane vizuri kwenye skrini. Kulikuwa na nukta tatu ndogo, nyota za mbali kabisa nyuma ya sahani, zinanichafulia picha. Nikazifuta kwenye ile ya mwaka juzi, chini kushoto. Nikaenda kwenye ya mwaka huu nizifute palepale. Hazipo. Zilikuwa juu kushoto.

Nikaacha kufuta. Kamera ya darubini haifungwi kwa mkao uleule kila mwaka, kwa hiyo kila picha lazima uigeuze mpaka kaskazini yake ikae juu. Utaratibu ni kutumia hizo nyota za nyuma, na ni kazi ya kuchosha macho. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Sahani ni mviringo, haina kichwa wala miguu, alama pekee inayoonekana ni lile doa. Nikazigeuza picha zote mbili mpaka doa likakaa juu kabisa, halafu nikashangilia kwamba doa halijahama. Mtu mzima na akili zangu!

Nikazirudisha nyota nilizofuta, nikazigeuza picha upya kwa kuzifuata. Doa likaruka robo ya duara. Nikarudia, ikawa robo ileile. Vumbi la kule ukingoni huchukua mamia ya miaka kumaliza mzunguko mmoja, haliwezi kukimbia hivyo kwa miaka miwili. Kinachoweza ni kivuli. Kuna kitu karibu na nyota kinakinga mwanga, kama mtu anapopita mbele ya taa ya mezani na kivuli chake kikapita ukuta mzima.

Nilitaka kulia, nikaishia kukasirika. Nikaenda mpaka mwisho wa korido nikarudi, nikaenda tena. Ningeweza kunyamaza. Kesho mzee yuko nyumbani anamwagilia bustani, na baadaye ningesema tumepitia upya hesabu. Angalau aionje sayari yake jioni moja tu. Wazo hilo nililipenda, sitadanganya.

Nilipoingia ukumbini, Mama alikuwa kiti cha mbele na gauni la harusi. Mjomba alikuwa pembeni yake, amefunga tai ambayo huwa hafungi, anauzungusha ufunguo vidoleni. Naye alikuwa hatulii. Aliponiona akanikonyeza, na hapo nikajua siwezi.

“Mjomba,” nikasema, na watu wa nyuma wakaguna. “Hakuna sayari. Nilizigeuza picha kwa kufuata doa lenyewe. Ni kivuli.”

Nikawasha skrini nikaeleza yote. Mama akaziba mdomo. Uso wa Mjomba ulishuka, nikamwona amechoka kuliko umri wake, na nikatamani anifokee mbele ya watu yaishe. Hakunifokea. Aliigeukia skrini.

“Kivuli cha nini?”

“Sijui.”

Akainuka, akasogea mpaka pua inakaribia skrini, akataka nibadilishe picha. Tena. Tena. Akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, kwamba vumbi la sahani nzima likilala sawasawa, la ndani haliwezi kulitia kivuli la nje kwa upande mmoja. Lazima la ndani limeinama, na haliinami bila kuvutwa na kitu kizito, pengine sayari.

“Sasa nani kaliinamisha?”

Wakati huohuo ofisa utumishi, ambaye hakuwa amefuata hata neno moja, alisogea na kiganja wazi kuupokea ufunguo kama tulivyopanga. Mjomba akakitazama kile kiganja.

“Subiri kwanza,” akamwambia, na ufunguo akautia mfukoni.

Akaniuliza kama picha za kamera ya zamani bado zipo, tukione kivuli kilivyotembea. Nikamwambia zipo, chumba cha chini. Akaanza kuilegeza tai.

Mama akabaki na gauni lake la harusi, wageni wamekaa, keki haijakatwa. Sisi tulikuwa tumeshaishika korido, yeye mbele, mimi nyuma nakimbia kumfikia.