Baada ya "Kata"

Mpimaji wa maabara hakuwa mtu wa kudhania. Kazini kwake, damu ikionyesha malaria ni malaria, hata mgonjwa aape kwamba ni uchovu tu. Kwa hiyo alipoanza kuitilia shaka filamu aliyokuwa akiigiza mumewe, hakumwambia mtu. Alitaka ushahidi kwanza.

Filamu ilikuwa ya vichekesho, ya kuwasuta watu waliopagawa na umaarufu. Mumewe, fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Dakika, alipewa nafasi ya fundi saa anayedhaniwa njiani kwa makosa kuwa nyota, na tangu siku hiyo akawa havui miwani ya jua hata akiwa ameinamia saa ya mteja. Walipiga picha dukani kwake mwenyewe. Mwongozaji alilipenda duka lile, na akampenda zaidi mwenye duka.

Shaka ilianzia hapo. Dakika hakujua kuigiza. Akiambiwa "anza", alikakamaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na maneno yakamtoka kama anayasoma ukutani. Na bado kila jioni alirudi nyumbani kichwa kimevimba.

"Leo wamecheka mpaka mpiga picha kakaa chini!"

"Ulisema nini?"

"Mambo mengi, mke wangu. Sikumbuki hata moja."

Kilemba cha ukoka hicho, aliwaza mkewe. Lakini hakuna anayemvisha mtu kilemba bure. Hawa walitaka nini kwake?

Siku yake ya mapumziko akaenda dukani, akajibanza nyuma ya kabati la saa za ukutani.

"Kata!" mwongozaji alisema. Hakuna aliyecheka. Watu wakajinyoosha. Fundi sauti akaanza kukunja waya, akaukunjua, akaukunja tena uleule. Mwongozaji akaegemea meza kama mtu aliyekuja kupiga soga.

"Pumzika, mzee. Hivi ukishakuwa maarufu, miwani hii utavaa hata bafuni?"

Dakika akalegea, uso ukamfunguka. "Bafuni sivai. Ila mlangoni nitaweka mtu. Nikifungua mwenyewe watu watanizoea! Saini nimeshaifupisha, maana foleni ya mashabiki si mchezo. Na mke wangu nimemwambia aache kupima mikojo ya watu. Mke wa nyota hapimi mikojo."

Hakuwahi kumwambia. Mpiga picha alijiuma mdomo, mabega yakimtetemeka, lakini mkono wake haukubanduka kwenye kamera. Kijitaa chekundu cha kamera kilikuwa bado kinawaka.

Mkewe hakutoka mafichoni. Alikitazama kijitaa kile asubuhi nzima. Kila "kata" ilipotamkwa, kiliendelea kuwaka, na ndipo watu walipocheka. Kazi yao ilianza pale mumewe alipodhani imekwisha.

Jioni akamweleza yote, bila kupunguza wala kutia chumvi. Dakika akacheka.

"Unadhani sikujua? Nilijua tangu siku ya kwanza! Ndiyo maana nikawa namwaga maneno. Huo ndio usanii, mama."

Mkewe alimtazama akiifuta miwani ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Hakubishana. Mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo, kesho hatabadilika. Kesho itasema.

Kesho yake mkewe aliomba ruhusa kazini, akasimama waziwazi kando ya kabati. "Kata" ilipotamkwa, Dakika aligeuza uso robo upande, akavuta tumbo ndani na kuinua mkono. "Ah, umaarufu!" akanguruma. "Mzigo mzito kuliko magunia!"

Fundi sauti akauacha waya. Mpiga picha akazima kamera.

"Leo umeigiza, mzee," mwongozaji alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Asante sana!"

"Basi. Tumemaliza na wewe."

Kisha akamfuata mpimaji kando ya kabati. "Shemeji, umemwambia."

"Nimemwambia."

"Umetuharibia mtu."

"Na zile picha za siku zilizopita?"

"Zile? Shemeji, zile ndizo filamu yenyewe."

"Basi aulizwe. Akikataa, unazifuta leo, mimi nikiona."

Mwongozaji alitafuta neno la kumbembeleza. Akautazama uso ule, akaona hauna pa kushikia. "Haya," akasema. "Aulizwe."

Mpimaji akamwendea mumewe, mwongozaji nyuma yake.

"Mume wangu, kuna yale uliyoyasema baada ya 'kata'. Ya mlangoni, ya saini, ya mikojo."

"Nilijua wananipiga picha."

"Sawa, ulijua. Wanataka kuyaonyesha. Ukikataa, yanafutwa sasa hivi. Ukikubali, watakaochekwa si wale wa kwenye hadithi. Ni wewe, na duka lako."

Dakika akavua miwani. Macho yake, bila vioo vile vyeusi, yalikuwa madogo na yenye hofu, na mkewe, ambaye hakuzoea kutumaini, akatumaini.

"Watanicheka?"

"Watakucheka."

"Hata wateja?"

"Wateja ndio wa kwanza."

Dakika akaikunja miwani. Mwongozaji naye akabana pumzi. Kisha fundi saa akampita mkewe kwa macho, akamgeukia mwongozaji, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei akiogopa kuonekana ana shida, akasema:

"Kama watu wangapi hivi?"