Povu la Asubuhi

Jina langu ni Wangu, lakini hapa mtaani Ziwani najulikana kama Mama Tiffany, na mimi si wa kudanganywa. Nyumba zetu hizi za kanjo, za baraza la jiji, zina choo kimoja kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa Mzee Ndung'u, aliyeenda ushago, kijijini kwao Murang'a, tangu Krismasi na hajarudi. Wa pili ni wa Apondi. Wa tatu ni wangu, na sabuni ya unga ya kuoshea choo ni yangu pia. Hata balbu ya choo ilikuwa yangu, nikaitoa kabla haijaibwa.

Mwezi wa tatu nikaanza kukuta povu. Naingia chooni saa kumi na moja na nusu, bado giza. Natoka, nasikia Apondi akiingia, kisha akienda kazini, nachukua ndoo na ufagio nirudi kuosha. Kumeanza kupambazuka, na povu hilo hapo! Jeupe, zito, ukilimwagia kikopo cha maji halitoki. Nikasema, aha, kuna mtu anachota sabuni yangu. Na mtu mwenyewe ni nani, kama Ndung'u yuko Murang'a?

Mwezi huo kila mtu alikuwa ameamua kunichezea. Kinyanjui, fundi wa viatu, alinishonea viatu vya ajabu: asubuhi vinaingia, jioni vinanikaba hadi vinaacha alama mguuni. Nikamrudishia na matusi juu. Muuza maziwa naye akaanza kuyatia kitu, chai ikawa na ladha ya chuma. Nikamhama. Hata kioo nilikishuku, maana kila nikiamka kilinionyesha macho yamevimba. Mgongo tu ndio haukunigeuka, uliuma vilevile kila siku, nami nikaumezea tembe zangu za dukani asubuhi na jioni, kama nilivyozoea.

Nilichora mstari wa kalamu kwenye pakiti ya sabuni. Mstari haukushuka. Mwingine angetulia, lakini mimi nikajiambia huyu mwanamke ni mjanja, akichota anajazia chumvi.

Nikamvizia kwenye bomba la maji, mbele ya watu. "Apondi, sabuni yangu inakutosha ama nikuongezee?"

"Sabuni gani, Mama Tiffany?"

"Ya povu la chooni. Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako."

Wanawake wakacheka. Apondi akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Sasa, huyu Apondi anafanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja Eastleigh, anapokea vichupa vya wagonjwa. Siku mbili baadaye akanibishia hodi jioni. Sikufungua. Akasemea hapohapo nje.

"Mama Tiffany, hilo povu nimelitazama. Si sabuni, ni mambo ya mwili. Tukila, tukimeza dawa, ini linavunjavunja sumu. Damu inapita kwenye figo, zinachuja taka, taka inatoka na mkojo. Ni kama chujio la chai. Likitoboka linapitisha hata kile lilichopaswa kuzuia. Figo zikiharibika, protini ya damu inavuja, mkojo unafanya povu. Mimi nimejipima kazini, niko sawa. Kwa hivyo..."

"Kwa hivyo ni Ndung'u anakojoa kutoka Murang'a!" nikamkata. "Nenda zako!"

Akaenda. Wiki tatu hatukusalimiana.

Povu likaendelea, basi nikanunua kufuli. Nikampa Apondi ufunguo wake, nisije nikaitwa mchawi, akaukataa. "Kaa na choo chako," akasema, na Ijumaa akasafiri Siaya kwa matanga ya shangazi yake. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kufuli nikaifunga na uzi mwekundu juu, kila nikitoka.

Jumamosi, povu. Ngai! Nikajua amechonga ufunguo wa siri akamwachia mtu. Nikatazama uzi. Ulikuwa kama nilivyoufunga. Jumapili uzi mzima, povu lipo.

Jumatatu niliingia na tochi ya simu. Nikamaliza, nikageuka, nikamulika nilichoacha.

Nilisimama pale nikilitazama lile povu likikataa kupasuka. Nikakumbuka viatu, chai, macho. Niliogopa, sitakuficha.

Apondi aliporudi Jumanne, hata begi hajaliweka chini, alinikuta mlangoni pake.

"Nimemshika mwizi," nikamwambia.

"Nani?"

"Mimi."

Nilimtarajia anicheke, na ningestahili. Hakucheka. Akanivuta ndani, akabonyeza mguu wangu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Hizo tembe za mgongo ninazokuona nazo, unameza tangu lini?"

"Tangu Tiffany aolewe."

"Tiffany si ana watoto wawili?"

"Watatu."

Akafumba macho. Kesho yake tukaenda wote kliniki, kichupa changu nimekificha kwenye mkoba kama kitu cha magendo. Wakapima mkojo, wakatoa damu.

Daktari, msichana mdogo kuliko Tiffany wangu, akasema figo zangu zimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na anazishuku sana zile tembe. Nisimeze hata moja tena. Kilichopotea hakirudi, akasema, ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Nilitaka kumuuliza kama mashine yake ni nzima. Apondi akanikazia macho.

"Mama, hizi dalili zilionekana mapema," daktari akasema akiandika. "Hakuna mtu karibu nawe aliyekwambia kitu?"

Nikamtazama Apondi, amekaa na mkoba wangu mapajani.

"Yuko," nikasema. "Aligonga mlango wangu. Nikamwambia ni Ndung'u."

Apondi akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Mimi nikalia.