Nimeshaonja Jikoni

Mezani walikuwepo mumewe, fundi saa, miwani kapandisha kwenye paji la uso; binti mkubwa, kichanga titini; binti mdogo, aliyevunja ungo mwezi uliopita; na yeye mwenyewe, mshonaji, upawa mkononi, jasho likimchuruzika shingoni ingawa dirisha lilikuwa wazi, lile joto tena, linapanda, litapita... muuguzi wa zahanati alishamwambia si homa wala mkosi, ni homoni zinapungua mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, na mifupa nayo hudhoofika, kwa hiyo ale dagaa, maziwa, mboga za majani, asiishie kuwapakulia wengine, naye akaitikia vizuri sana, kisha akarudi nyumbani kukwangua ukoko... sufuria inafuka, inanukia, na mumewe anamtania mdogo kwamba tangu awe mtu mzima anakula kama askari, na mdogo anajibu kwamba damu ikitoka lazima irudishwe, baba, hebu sogeza hayo maharage, wakacheka, naye akacheka, watu wake, meza yake, anataka nini tena... akapakua ya baba, akapakua ya mdogo, akampakulia na mkubwa, anayenyonyesha, ambaye maziwa yake yanatokana na hicho anachokula, na mkubwa akahamishia dagaa wake wote kwenye sahani ya mdogo wake, bila kuinua macho.

“Nimeshaonja jikoni, mama.”

Jikoni gani, na kutwa alikuwa chumbani na mtoto... sauti ile si ya binti, ni ya dada yake yeye mshonaji, dada aliyemlea, aliyemfundisha kupakua, wa kwanza baba, wa mwisho wewe, wakikuuliza sema umeshaonja, na maisha yake yote dada alionja tu, akaonja, hadi juzi alipoteleza bafuni, kuteleza kidogo tu, nyonga ikakatika kama kijiti, sasa yuko wodini... na maneno yale yamepita hapa, kinywani mwake yeye, mpaka kwa mtoto... joto likapita. Akajaza sahani ya mkubwa, akajaza yake, akaketi, akaanza kula kabla ya wote.

“Leo mpishi ana njaa,” mumewe akasema.

“Ninayo.”

Na kweli alikuwa nayo, nyanya, chumvi, vifupa vikivunjika menoni, mbona vitamu hivi, kesho atampelekea dada bakuli zima, atakaa kitandani pake mpaka amalize, na akisema ameshaonja... simu ikaita, mumewe akapokea, akasikiliza, akaiweka mezani.

“Dada yako amefariki.”