Saa Mbili Kamili ya Meneja Abdiwahid

Shirika la Maji la Nyika lilikuwa na mashine tatu ambazo zilipaswa kwenda pamoja: pampu kando ya mto Tana, mashine ya kutia dawa, na koki kubwa ya umeme kwenye tangi, nje kidogo ya mji wa Garissa. Kila moja ilikuwa na saa yake ndani. Pampu ilianza kusukuma saa yake ilipofika, koki nayo ikafunguka saa yake ilipofika, na hakuna iliyojua mwenzake anasoma ngapi. Kwa joto la huko, moja ilikimbia, nyingine ikachelewa, na baada ya wiki chache pampu ilikuwa ikisukuma maji kwenye koki iliyofungwa.

Ikran, fundi wa umeme, ndiye aliyeitwa kila bomba lilipoanza kutetemeka. Aliandika barua akiomba kila mashine ifungiwe kipokezi kidogo cha setilaiti, ili zote zichukue saa mahali pamoja na kujirekebisha zenyewe. Meneja Abdiwahid aliisoma barua hiyo, akamwita ofisini.

"Unataka saa ya Garissa itoke angani," alimwambia, "na mimi niko hapa?"

Alikuwa na mpango wake. Wageni wangekuja kutoka Nairobi, hema lingesimamishwa kwenye kituo cha pampu, na yeye mwenyewe angetangaza saa kwa simu. Kwenye kila mashine angekuwepo mtu, na wote wangebonyeza kwa pamoja. Aliagiza hata fulana za kijani zenye maandishi SAA MOJA, SHIRIKA MOJA. Ikran alimweleza kwamba saa zikipangwa leo, kesho zitaanza tena kuachana. Meneja akamwambia fulana zimeshachapishwa.

Siku ilipofika, Ikran aliwekwa kwenye pampu, karani mmoja akapelekwa kwenye mashine ya dawa, na kule kwenye tangi alikuwepo Nuh, mlinzi wa koki. Nuh alikuwa mtu wa Bura, aliyechunga ngamia zaidi ya nusu ya maisha yake kabla ukame haujamleta mjini. Siku zote meneja aliongea naye Kisomali. Siku hiyo, kwa ajili ya wageni, aliongea Kiswahili, tena cha kwenye redio.

"Nikihesabu tatu," alisema kwenye simu huku kipaza sauti kikiwa mdomoni, "itakuwa saa mbili kamili. Bonyezeni saa mbili kamili."

Ikran aliingiza nane, sifuri, sifuri. Karani pia. Nuh alikuwa ameambiwa mbili, akaingiza mbili. Wageni wakapiga makofi.

Hotuba ziliendelea hadi saa tano, saa ambayo pampu ilipangiwa kuanza mbele ya wageni. Ilianza bila kuchelewa hata sekunde. Koki ya tangi, ambayo kwa hesabu yake bado ilikuwa alfajiri, haikujisumbua. Kulikuwa na kifaa cha kuizima pampu presha inapozidi, lakini kilikufa mwaka uliotangulia, na ombi la kingine lilikuwa bado mezani kwa meneja. Ikran alikimbilia swichi. Kabla hajaifikia, bomba lilipasuka nyuma ya viti vya wageni. Watu arobaini walilowa hadi magotini, na mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni wakaja kunywa ndani ya hema.

Ripoti ya meneja ilitoka siku mbili baadaye. Ilisema kumbukumbu za koki zinaonyesha hitilafu ilitokea saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa koki haikufunguliwa wakati huo, bila shaka mlinzi alikuwa amelala kazini. Watu arobaini waliolowa mchana kweupe hawakutajwa. Nuh akasimamishwa kazi. Alipojitetea kwamba alfajiri hiyo alikuwa msikitini, aliagizwa alete barua ya imamu. Akaileta.

Ikran alipoisikia habari hiyo aliona aibu, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha Nuh vile vibonyezo, na hakuwahi kumwambia kwamba mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Bodi ilipokutana, aliingia akiwa amebeba mashine ndogo ya akiba, yenye saa na vibonyezo kama vya koki, akaomba dakika moja. Mwenyekiti alikuwa Mama Raho, mfanyabiashara wa ngamia ambaye hakupenda vikao virefu.

Ikran alimwomba Mama Raho ataje saa, na meneja aiingize upesi kama walivyofanya siku ile. Meneja alitabasamu, akavuta mashine karibu. Mama Raho akatazama ukutani.

"Saa nne na robo," alisema.

Meneja akabonyeza: sifuri, nne, moja, tano.

Ikran aliigeuza mashine ili bodi nzima iione. "Kwa hiyo sasa hivi ni alfajiri," alisema, "na sote tumelala kazini."

Mama Raho alificha mdomo kwa shela yake. Meneja alisema kibonyezo kimelegea.

Nuh alirudishwa kazini wiki hiyo, kwa barua isiyokuwa na neno samahani. Vipokezi vya setilaiti vilinunuliwa, pamoja na kifaa kipya cha presha. Meneja hakuguswa. Alikwenda Naivasha kwenye semina ya siku tano kuhusu matumizi bora ya wakati, na aliporudi aliliambia gazeti moja kwamba wazo la setilaiti lilimjia zamani.

Asubuhi vipokezi vilipofungwa kwenye mashine, Nuh alimpigia Ikran simu kutoka kwenye tangi. Alisema koki imefunguka yenyewe na maji yanaingia vizuri. Kisha akauliza:

"Abaayo, dada yangu, sasa mimi nafanya nini hapa?"

Ikran alifikiria kumpa jibu la kumfurahisha, akaona si haki. Alimwambia setilaiti haiwezi kupaka koki grisi, wala kuona kutu, na kwamba kesho angekuja kumwonyesha namna ya kuifungua kwa mkono umeme unapokatika. Nuh akamwambia aje mapema. Halafu akauliza mapema hiyo ni saa ngapi kwa hesabu ya mashine.