Balbu Arobaini Zisizowaka

Alikuwepo mama mmoja aliyesoma mpaka mvi zikamtoka, kisha akatumia miaka tisa kutengeneza balbu isiyowaka. Ndivyo mama yake mzazi alivyowaeleza majirani, na majirani, watu wenye utu, walimpa pole.

Kazini walimwita Mama Giza. Alishinda kutwa kwenye chumba kilichopakwa rangi nyeusi hadi darini, chenye mapazia mawili mazito mlangoni, na mtu akikohoa nje ya pazia la kwanza aliulizwa kama amekuja na tochi.

Balbu zake, ambazo mafundi waliziita tyubu, hazikutoa mwanga. Zilikaa kuusubiri. Kila moja ilikuwa kubwa kama kichwa cha mtu, kioo chembamba, ndani hamna kitu, hata hewa. Uso wake ulipakwa kwa ndani utando wa madini. Punje moja ya mwanga ikigonga hapo, inabandua elektroni moja. Umeme mkali unaivuta ile elektroni hadi ipige kibamba cha kwanza, zinaruka tano. Hizo tano zinapiga kibamba cha pili, zinaruka ishirini na tano. Ikifika kibamba cha kumi, zinakaribia milioni kumi, na hapo ndipo mashine inasikia. Kwa kifupi ni umbeya tu: neno moja linaingia mlango wa mbele, likitoka nyuma mtaa mzima unalisema.

Umbeya huo ulikuwa na mteja. Kundi la wanasayansi lilikuwa linachimba chini ya mlima ili wajaze tangi la maji na kukaa kulitazama, eti ipo siku chembe kutoka kwenye nyota iliyolipuka itapita humo na kuacha cheche. Walitaka tyubu elfu kumi na mbili za kuiona hiyo cheche. Katika mchujo yalibaki maumbo mawili, la Mama Giza na la kiwanda kimoja kikubwa chenye jengo la vioo. Tangi la namna hiyo hujengwa mara moja katika umri wa mtu. Mama Giza alikuwa na miaka hamsini na nane. Akikosa hili, mchoro wake ungebaki kuwa karatasi nzuri ya kufunikia rafu.

Na mchoro wenyewe ulikuwa kitu kimoja tu: kibamba cha kwanza. Alikikunja kama bakuli lililobonyea upande mmoja, ili elektroni iliyotoka pembeni mwa uso ifike sawia na ile ya katikati. Kabla ya bakuli hilo alikuwa amechora mabakuli mia mbili na kumi na saba. Ukimwona mtu ana furaha sana, usimsimulie habari hiyo.

Vioo vyote vilipulizwa na Mzee Pumzi, fundi mwenye mashavu yaliyolegea kwa kazi na majivuno yasiyolegea kamwe. Zilipotimia tyubu arobaini za majaribio, zilipelekwa stoo kumsubiri mpimaji kutoka mlimani. Hapo ndipo mkurugenzi wa karakana alipoingilia kati kusaidia.

Mkurugenzi, Bwana Makofi, alikuwa amemwoa mdogo wake Mama Giza. Kuhusu tyubu alijua kwamba zinavunjika. Kuhusu sherehe alijua kila kitu.

"Ufunguo wa stoo nakaa nao mwenyewe, shemeji," alisema. "Sitaki mzembe yeyote aingie humo."

"Mzembe yeyote?"

"Yeyote yule."

Akautia ufunguo mfukoni, na kwa wiki tatu hakuingia mtu stoo isipokuwa yeye.

Siku ya siku ilifika. Ukumbi ulipambwa kitambaa mezani, ratiba ya kurasa nne, na maputo ya bluu na meupe yaliyogusa dari, kamba zake zikining'inia kama mvua iliyoghairi. Katika ratiba, hotuba ya mkurugenzi ilipewa dakika arobaini. Upimaji wa tyubu ulipewa "muda utakaobaki."

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye daftari, asiyependa maneno. Alitazama maputo, akatazama saa, akauliza chumba cheusi kiko wapi. Hotuba ikabaki mkononi mwa mwenyewe.

Tyubu ya kwanza iliwekwa kwenye sanduku lisilopitisha mwanga, ikaachwa itulie, umeme ukapandishwa taratibu. Mpimaji akairushia cheche hafifu. Kwenye skrini ukachomoza mlima mmoja mwembamba, umesimama wima. Mama Giza akatabasamu. Halafu nyuma yake ukachomoza mwingine mdogo.

"Mwangwi," alisema mpimaji.

"Rudia."

Akarudia. Mwangwi ukarudi. Tyubu ya pili, mwangwi. Ya tano, mwangwi. Mpaka ya kumi, zote kumi zilikuwa na ugonjwa mmoja, kama ndugu walionyonya ziwa moja.

"Chini ya mlima," alisema mpimaji, "nyota ikilipuka mara moja, tyubu hizi zitaniambia imelipuka mara mbili."

Bwana Makofi, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na shemeji yake ili aonekane vizuri kwenye picha, alipiga hatua mbili pembeni. "Michoro yote ni ya kwake," alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Sisi wengine tulimwamini tu."

"Asante, shemeji," alisema Mama Giza. "Mungu akuzidishie."

Mzee Pumzi alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kamba. "Sema tu, mwanangu. Kioo changu kinavuja?"

"Kingevuja, hewa ingejaa na tyubu isingesema lolote. Hii inasema. Tatizo inasema mno."

Mpimaji alishaanza kufungua ukurasa mpya wa daftari, ule wa kiwanda chenye jengo la vioo. Mama Giza alimwomba nusu saa. Aliketi mbele ya skrini, miaka yake tisa ikiwa imebaki dakika thelathini, chini ya zile zilizotengwa kwa hotuba.

Alijua mwangwi unatokana na nini. Hilo ni la darasa la kwanza katika kazi hii. Punje ya gesi ikibaki ndani, elektroni huigonga ikiwa njiani, punje hiyo huchajika umeme, hugeuka na kurudi kuupiga ule uso uliopakwa madini, na uso hutema elektroni nyingine. Gesi nzito hurudi kwa kujikokota, gesi nyepesi hurudi mbio. Kwa hiyo muda wa mwangwi ni sawa na jina la mwizi. Aligeuza ratiba ya sherehe, akapiga hesabu nyuma ya ukurasa ulioandikwa "Makofi." Karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde. Akazipima zote kumi. Muda ule ule.

"Heliamu," alisema.

"Hatuna heliamu hapa," alisema Mzee Pumzi. "Natumia gesi ya moto na oksijeni, basi."

"Najua. Na heliamu haihitaji tundu, mzee. Kioo kwake ni chandarua kilichochakaa. Mpe siku chache tu, anapita."

"Sasa itoke wapi?"

Mama Giza aliinuka. Alitoka nje ya mapazia mawili, akasimama mlango wa ukumbi, akatazama juu. Maputo ya bluu na meupe yalimtazama kutoka darini, yametulia, yamependeza.

"Shemeji," aliita. "Hebu ufunguo wa stoo."

"Wa nini? Mpangilio wa mle ni wa kwangu, dada..." Akimwita dada, ujue mambo yamemfika.

Stoo ilifunguliwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa tepu kuzuia vumbi, kwa usalama. Rafuni zilipangwa tyubu thelathini zilizobaki. Chini yake, uliegemezwa mtungi wa heliamu ya kujazia maputo, mrefu kama askari, na ukitega sikio koki yake ilikuwa inanong'ona ssss. Sakafuni yalitapakaa maputo ya majaribio ya wiki tatu: mekundu yaliyokataliwa, ya njano yaliyofikiriwa upya, yote yamenywea, yana makunyanzi kama mashavu ya Mzee Pumzi.

Mama Giza aliokota moja. "Ulilijaza lini hili?"

"Wiki ya kwanza. Stoo haina upepo, nikaona..."

"Limefungwa vizuri. Gesi yake imekwenda wapi?"

Bwana Makofi alitazama puto, akatazama rafu. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, alionekana kama mtu anayefikiri. Haikumkaa vizuri. Alimvuta shemeji yake kando.

"Dada, tuseme mashine ya mgeni imekosea. Hili la mtungi likiandikwa, mimi nimekwisha. Mdogo wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia umependeza kwenye picha."

Akamweleza mpimaji yote, bila kupunguza. Mpimaji alisikiliza, akagonga daftari kwa kalamu. "Maelezo mazuri. Kila mbunifu aliyeshindwa amewahi kunipa maelezo mazuri. Nionyeshe tyubu ya umbo hili ambayo haikulala humu."

Haikuwepo. Zilikuwa arobaini, na zote arobaini zililala humu, kwa usalama.

Mzee Pumzi akakohoa. "Ipo moja."

"Wapi?"

"Msinicheke. Zilikuwa arobaini na moja. Ile ya saba niliifunga shingo ikapinda, kidogo tu, kama mkia wa mbuzi. Nikasema mimi na umri huu, mgeni aje auone upuuzi huo? Nikaificha."

"Umeificha wapi, mzee wangu?"

"Kwenye kabati la nguo zangu za kazi. Ng'ambo ya uwanja."

Mama Giza, ambaye hakuwahi kukimbia tangu aache shule, alikimbia.

Tyubu ya saba iliingizwa sandukuni na shingo yake ya mbuzi. Wakaisubiri itulie, na kusubiri huko kulimchosha Mama Giza kuliko ile miaka tisa. Umeme ukapanda. Cheche. Kwenye skrini ukachomoza mlima mmoja mwembamba, na nyuma yake uwanda, mweupe, mtupu kabisa. Mpimaji alirudia mara mia tano. Uwanda ulibaki uwanda. Kisha akapima elektroni za pembeni na za katikati ya uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyanyua nyusi: zote zilifika sawia.

"Bakuli hili," alisema, "nani alilikunja?"

"Yeye," alisema Mzee Pumzi. "Shingo usiulize."

Mpimaji akaurarua ule ukurasa mpya, akarudi wa mwanzo, akaandika kwa herufi kubwa: umbo limekubaliwa. Chini yake akaandika kwamba zile arobaini ni za kutupwa, kwa kuwa heliamu ikishaingia hakuna wa kuitoa, na kwamba nyingine arobaini zitengenezwe na kuhifadhiwa mahali pasipo na sherehe.

Bwana Makofi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kisha, kwa kuwa dakika zake arobaini hazikuwa zimetumika, alipanda jukwaani chini ya maputo na kuwaeleza wageni jinsi karakana yake, kwa kuona mbali, ilivyozijaribu tyubu zake katika mazingira magumu kupindukia. Mwishoni alimkabidhi shemeji yake ufunguo wa stoo, kwa mikono miwili, mpiga picha akiwa tayari.

Jioni mama mzazi aliuliza habari za kazi.

"Wamezikubali, mama. Elfu kumi na mbili."

"Zimeanza kuwaka?"

"Hapana."

"Haya," alisema mama, akaufunga mlango ili majirani wasisikie. "Hongera, mwanangu."