Neno Lililoangusha Nyota Sabini

Kaisari wa Nyota Sabini alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, skafu shingoni, akinywa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Kesho saa mbili asubuhi daktari angempasua koo na kutoa kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe uliokizunguka. Moyo wake nao ulikuwa dhaifu, wa kuombewa. Huenda akaamka bila sauti, daktari alisema, na huenda asiamke kabisa. Kwa hiyo kipindi cha mwisho cha mchezo wa redio uliodumu miaka kumi na minne kililazimika kurekodiwa leo, kabla ya saa nane mchana, maana saa nane studio ilikuwa ya watu wa mpira, na watu wa mpira hawamngojei mtu, hata awe na nyota sabini.

Nyuma ya kioo, mkono juu ya mitambo, alikaa bintiye. Pale kazini walimwita Fundi. Miaka yote hiyo kumi na minne yeye ndiye aliyemwashia baba yake taa nyekundu na kumpandisha na kumshusha sauti. Nyumbani alimfulia, akampikia, akampeleka kwa madaktari. Swali moja tu hakuwahi kumuuliza. Naye alikuwa na uvimbe wake kooni, ila huo haukuonekana kwenye picha za hospitali.

Fundi alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliinuka mezani wakati wa chakula cha mchana, akafuta mikono, akasema, "Nakuja." Akatoka. Ni neno la kila siku. Hata anayekwenda chooni hulisema. Huyu alilisema akakaa miaka kumi na miwili.

Na mama, masikini, aliliamini. Kiti cha baba hakikukaliwa na mtu. Mgeni akija, hata awe mzito namna gani, aliwekwa mkekani. "Kuna mtu hapo," mama alisema. "Anakuja." Nyumba ile ilikuwa na unyevu, kuta zinatoa jasho, na kifua cha mama kikaanza kubana. Daktari akamwambia ahame. Dada yake akampa chumba kikavu, bure. Mama akakataa. Atarudi atukose, alisema. Alizikwa Fundi akiwa na miaka kumi na tisa, na kiti kikiwa bado kitupu.

Miaka miwili baadaye baba akatokea kwenye geti la redio, akimtafuta bintiye aliyekuwa akijifunza kazi pale. Mlinzi akamzuia. Mtunzi wa michezo, aliyekuwa akipita, akaisikia sauti ile nene ikigombana na mlinzi, akasahau alikokuwa anakwenda. Mtu alikuja kuomba radhi akapewa himaya ya kwenye redio. Radhi yenyewe hakuiomba, si siku ile wala baadaye.

Fundi hakutaka mengi. Alitaka kulisikia kosa lile likitoka kwenye kinywa kile, mara moja tu, kabla ya kesho saa mbili.

"Jamani, saa tano hii," alisema Mtunzi, akitupa kalamu. Alikuwa amefundisha historia miaka ishirini, na hakuna aliyempa taarifa kwamba alishastaafu. "Kaisari mzee amepatikana kwenye mwezi mdogo. Waliosalia wanamuuliza: kosa lilikuwa lipi? Hapo nimekwama. Nimechana karatasi tatu."

"Huna haja ya kuchana karatasi," alisema Bi Sauti Kumi, aliyeigiza malkia, majasusi, na mtoto anayelia. "Wasifiaji ndio waliomponza. Amiri wa merikebu za anga alimwambia mafuta yanakwisha, akamfukuza. Akabaki na watu wa ndiyo-bwana."

"Wasifiaji wako kila ikulu. Kosa ni tamaa. Nyota hamsini hazina hewa ya kutosha, yeye anaongeza ishirini! Mtaka yote kwa pupa hukosa yote."

"Haya mwalimu, tumesikia. Na kengele ilishalia."

Wakacheka, hata Kaisari, kicheko kilichomwishia kwenye kikohozi. Alipotulia akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mnamwonea. Kosa ni la watu wake."

Mkono wa Fundi ukasimama juu ya mitambo.

"Kiti si kilikuwepo?" baba yake akaendelea. "Yeye kaondoka, sawa. Wangekaa wengine wakatawala. Nani aliwakataza? Watu wazima na akili zao, wanakaa kungoja tu mpaka hewa inawaishia."

Fundi alifungua mlango wa kioo. Kwa kawaida hakuingia upande wa waigizaji. Alizungumza nao kupitia spika. Bi Sauti Kumi alimtazama usoni akaweka kikombe chini.

"Neno lake liliwakataza," Fundi alisema.

"Neno gani, mama?"

"Hulijui?"

"Mimi nasema tu kuhusu mchezo..."

"Na mimi nasema kuhusu mchezo. Ngoja."

Alirudi kwenye mitambo. Hakuhitaji kutafuta, alijua kilipo kama anavyojua ilipo chumvi jikoni kwake. Kipindi cha mia na kumi na mbili. Mtunzi alikuwa ameandika: *Naondoka. Msiningoje.* Siku ile dakika zilikuwa zimekwisha, na Kaisari, badala ya kusoma, alisema lililozoeleka mdomoni mwake. Mtunzi akapunga mkono: iacheni hivyohivyo, haidhuru. Kumbe ilidhuru. Kuanzia kipindi kilichofuata hadithi nzima ililazimika kulifuata neno lile. Magavana sabini wakangoja. Amri ya kufungua hewa ilitolewa na aliyekaa kitini tu, na nani angekaa, ikiwa mwenyewe amesema anakuja? Miaka arobaini kiti kikafutwa vumbi kila asubuhi, na nyota zikazimika moja baada ya nyingine.

Spika zikakoroma. Kisha ikatoka sauti ya baba yake ilivyokuwa, nzima, nene, iliyoweza kujaza ukumbi bila mitambo. Kikasikika kiti kikisogezwa. Zikasikika hatua.

"Nakuja," ilisema.

Mlango ukafungwa, ule wa mchezoni.

Fundi akairudisha. *Nakuja.* Akairudisha tena. *Nakuja.* Mtunzi alifungua kinywa, Bi Sauti Kumi akamkanyaga mguu.

"Basi," baba yake alisema. "Basi, mwanangu. Zima."

"Mama alikufa anangoja!" Fundi alipiga ukelele ndani ya maikrofoni, na spika zikaujaza chumba chote kwa ukelele wake. "Daktari alimwambia ahame! Alikataa kwa sababu ya neno lako! Ungesema siji, angelia mwezi mmoja akahama! Leo unakaa hapo unasema ni kosa la watu!"

Yule mzee alikiweka kijiko ndani ya kikombe. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo.

"Washa taa," alisema.

"Sijaandika jibu," Mtunzi alinong'ona.

"Nimesema washa taa."

Fundi akajifuta uso kwa kiganja, akawasha. Bi Sauti Kumi akasogea kwenye maikrofoni na kuuliza kwa sauti ya mwanamke mzee aliyesalia peke yake kwenye nyota yake: "Kaisari, kosa lilikuwa lipi?"

Mzee aliitafuta sauti. Ilipokuja ilikuwa kama mlango mbovu ukiburutwa sakafuni.

"Nilisema nakuja," alisema. "Na nilikuwa nakwenda. Nilijua. Mguu wa kwanza nje ya mlango nilishajua kwamba siji. Niliogopa kuziona sura zao nikisema kweli, nikawaachia neno zuri. Wao hawakukosa. Mtu akikuamini hajakosa." Akakohoa. Hakuna aliyekata. "Nilirudi nikakuta kiti kimefutwa vumbi. Nikaona haya. Nikanyamaza tena miaka mingine kumi na minne. Wasamehewe walioningoja. Mimi sijui."

Alikuwa anakitazama kioo.

Fundi aliiacha mitambo izunguke dakika nzima. Kisha akazima taa, akainamisha paji la uso juu ya meza, akalia kama alivyokuwa hajalia hata kaburini kwa mama yake. Alikuwa amelipata alilolitaka. Hakujua kwamba likishapatikana mtu haachi kuogopa. Sasa alikuwa na cha kupoteza.

Asubuhi, ukumbi wa hospitali ulijaa watu. Muuguzi alimsukuma mzee kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa joho la kijani lililofungwa nyuma kwa kamba, miguu imekonda. Fundi alitembea kando yake, koti la baba mkononi. Milango miwili ya chumba cha upasuaji ilifunguka.

"Mwisho wa wasindikizaji ni hapa, dada," muuguzi alisema.

Fundi hakuuachia ukingo wa kitanda.

"Baba, sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mzee akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Lile nimeapa silisemi tena. Sijui kama nitaweza, mwanangu. Nisikudanganye mara ya pili."

"Nidanganye!" Watu waligeuka kutazama. Hakujali. "Nidanganye, baba! Liseme tu, nakuomba!"

Muuguzi aliangalia saa yake, akasubiri, Mungu ambariki. Mzee akauweka mkono wake juu ya ule wa bintiye, akavuta pumzi iliyopiga mluzi kifuani.

"Nakuja," alisema.

Milango ikafungwa. Fundi hakuwa na kinasa sauti wala taa nyekundu. Alikuwa na masikio yake tu. Alipata nafasi kwenye benchi la ukutani, akakaa, na kwenye nafasi ya kando yake akalitandaza lile koti, akalinyoosha mikono na kola.

Saa moja ikapita, kisha ya pili. Watu waliingia na kutoka. Akaja mama mmoja mzito, amechoka, chupa ya chai kwapani, akalitazama koti, akamtazama na yeye.

"Samahani, mwanangu. Hapa kuna mtu?"

Fundi aliuweka mkono juu ya koti.

"Kuna mtu," alisema. "Anakuja."