Hija ya Kitenge cha Mama

Mimi nikinuna, nanuna. Blandina nilimnunia miaka miwili, na meza zetu za nyanya pale Ilula zinagusana. Basi likisimama tunakimbilia dirisha moja, kila mmoja na ndoo yake, na salamu hakuna.

Kosa lake si dogo. Mama yangu, Yudith, alipofariki, wauza nyanya wote walifunga biashara wakaja kulia. Blandina alionekana mezani kwake, barabarani. Siku ya mazishi! Wala hakuja baadaye hata kunipa pole. Kwetu mtu akikukosea msibani, amekukosea kwelikweli.

Basi parokia ikaandaa hija ya Bagamoyo. Nikajiandikisha kwa sababu moja tu: kitenge cha Mama. Alikinunua akingojea hija kama hiyo, akakikunja, akaugua. Siku za mwisho alinishika mkono akasema, "Veneranda, mimi siendi tena. Kitenge changu kifike." Nikaapa nitakitandika chini ya msalaba ule wa ufukweni. Habari hiyo nilimsimulia kila mtu pale barabarani isipokuwa Blandina, ila kwa sauti ya kumfikia.

Na kwenye basi nani kakaa pembeni yangu? Yeye! Kutoka Ilula mpaka Chalinze nilitazama dirishani, shingo ikakakamaa.

Bagamoyo tulifika asubuhi. Jamani, joto! Na sisi na masweta yetu. Tukaingia kanisa la zamani, tukasali kwenye makaburi ya wamisionari, tukashuka ufukweni. Bahari ilikuwa mbali huko, mchanga mkavu kama uwanja wa kupuria maharage. Katekista wetu, Dastan, akasema misa ya msalabani ni saa tisa, kwanza twende tukaone magofu ya Kaole, mizigo tuiache hapo hapo mchangani.

"Ikiibiwa je?" nikauliza.

"Nani aibe mbele ya msalaba?"

Nikakiacha kitenge kikapuni, kisije kikapata jasho langu. Bahari hakuna aliyeifikiria. Sisi Wahehe, mto wetu hupungua kiangazi ukajaa masika. Maji ya kupungua asubuhi na kujaa mchana tungeyajulia wapi?

Tuliporudi, mchanga haupo. Masweta yanaelea kama bata. Wenzangu walicheka wakishika mbavu, na mimi nikaanza kucheka, kisha nikakumbuka.

"Kitenge cha Mama!"

Nikaingia majini na viatu vyangu, nikapapasa, nikapata sweta la Dastan na kandambili ya mtu. Kikapu tulikikuta kitupu.

Nikakaa palepale penye maji, miguu nimeinyoosha, nikalia. Mama aliniomba kitu kimoja tu, nami nimekipoteza. Nilijichukia, nikamlilia upya kama amekufa jana.

Blandina akavua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akaja akakaa kando yangu, akanyoosha miguu kama tunavyokaa msibani. Akaangua kilio. Si cha kunisaidia, bali kilio chake mwenyewe.

"Yee mama! Mama Yudith uliyenipa tenga langu la kwanza! Umeniacha na nani, mama?"

Watalii wawili walikuwa wanapita, wakatutazama, wakaenda zao. Blandina akalia mpaka sauti ikakauka.

"Siku ile sikuuza hata nyanya moja," akasema. "Nilikaa tu pale mezani. Nilishindwa kumwona akifukiwa. Halafu siku zikapita, nikaona aibu kuja kwako."

Maji yalikuwa yametufika mapajani.

"Na hicho kitenge," akasema, "Mama alitaka kifike. Alisema kirudi?"

Hakusema. Nilifikiria kila neno la siku zile, na hilo hakulisema.

"Veneranda," akasema, na mara hii alinitazama usoni. "Pole na msiba."

Siku ya mazishi niliwajibu watu neno moja kutwa nzima mpaka mdomo ukachoka. Jibu la mmoja likabaki, miaka miwili nimelikalia.

"Asante, dada," nikasema. "Nimeshapoa."

Kisha nikamshika mkono nikamwinua, maana maji yalikuwa bado yanapanda.